Pikapu mpya: bei inayouma si ile iliyobandikwa kiooni

Na Mwandishi Wetu

NI Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na duka la magari mapya kando ya Barabara ya Mombasa, Nairobi, limejaa watu. Mkulima wa viazi kutoka Kinangop ameizunguka pikapu nyeupe polepole, amefungua ubao wa nyuma, ameinama kutazama springi, na sasa anapima kwa macho ni magunia mangapi yataingia. Bei ameiona kiooni: Sh4,640,000. Hajatamka neno.

Huyu si mtu wa kufundishwa kupatana bei. Mwaka mzima anavutana na mabroka wanaofika shambani alfajiri, na akipeleka mzigo soko la Marikiti anavutana tena na wanunuzi wa jumla. Anajua kunyamaza mpaka mwenzake aongeze. Anajua kuondoka hatua kumi ili aitwe.

Kijana wa mauzo anamletea chai. "Mzee wangu, hiyo bei tutaongea, usijali. Niambie tu, kwa mwezi unaweza kulipa ngapi bila kuumia?"

Mzee anajibu kuwa laki moja haimshindi. Saa moja baadaye anatoka na karatasi mkononi. Amepunguziwa Sh50,000, ameongezewa mazulia ya miguuni na vyuma vya kukinga taa za mbele, na mkopo wa Sh3 milioni atalipa Sh97,500 kwa mwezi kwa miaka minne. Moyoni anaona ameshinda.

Mkulima huyo ni wa mfano, na bei hiyo tumeiweka ili tufanyie hesabu. Mazungumzo yenyewe, hata hivyo, hufanyika kila wikendi katika miji yetu, na aliyezoea kupatana bei ya viazi, ng'ombe au mbao huingia humo akidhani anapigania kitu kimoja. Mezani kuna biashara nne: bei ya gari, bei ya gari lake la zamani kama analo, bei ya mkopo, na bei ya vitu vinavyoambatishwa. Swali la "kwa mwezi ngapi" huzifunga zote nne katika gunia moja, na anayeuza ndiye anayejua kila moja ina uzito gani. Mkulima aliyepigania lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, isiruhusiwe sokoni anapaswa kuitambua hapa pia.

Pikapu ya mitumba haipatikani kirahisi

Kwa gari dogo, Mkenya akishindwa na bei ya jipya hukimbilia lililotumika Japani. Ndiyo maana Probox zimejaa barabarani kutoka Busia hadi Taveta. Kwa pikapu, mlango huo ni mwembamba, na sababu yake haijulikani na wengi.

Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968. Lakini mwaka 2004 iliacha kuiuza ndani ya Japani, na haikuirudisha hadi 2017. Isuzu nayo iliacha kuwauzia Wajapani pikapu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pikapu za kampuni hizo ziliendelea kuundwa kwa wingi Thailand, lakini zikawa adimu kwenye minada ya Japani ambako mawakala wetu wamezoea kununua. Anayetaka iliyotumika mara nyingi hulazimika kuitafuta Thailand kwenyewe, au Uingereza, ambako usukani pia uko kulia.

Kisha kuna sheria ya miaka minane. Kwa mwaka 2025, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia nchini. Gari lililo ndani ya umri huo na bado lina nguvu haliuzwi kwa bei ya kutupa popote duniani.

Matokeo yake ni kwamba pikapu iliyotumika hushikilia bei, na muuzaji wa mpya analijua hilo. Anajua wabebaji miraa wa Maua, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kitale na wafugaji wa Marsabit hawana njia nyingi za mkato. Lakini hoja hiyo hiyo humfaa mnunuzi mwenye pikapu kuukuu nyumbani: kile anachokiona chuma chakavu kina soko. Akiitoa kwa muuzaji na kuongezea pesa bila kwanza kuuliza bei kwa watu wawili watatu wa yadi, atakuwa ameipa kampuni faida ya pili, tena kimyakimya.

Upande wa muuzaji

Ni haki kumsikiliza muuzaji pia, maana si kila bei kubwa ni dhuluma.

Pikapu nyingi mpya zinazouzwa Kenya huunganishwa humu nchini. Kiwanda cha Barabara ya Mombasa kilianza na kampuni iliyoundwa mwaka 1975 kwa jina la General Motors Kenya. Mwaka 2017 Isuzu ya Japani ilinunua hisa za General Motors, asilimia 57.7, na kampuni ikawa Isuzu East Africa. Humo ndimo huunganishwa pikapu ya D-Max. Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers, na Thika kuna Kenya Vehicle Manufacturers. Sehemu za gari huja masandukuni, hufungwa na mafundi Wakenya, na serikali huzipa unafuu wa ushuru ambao gari lililokuja zima halipati.

Anayenunua gari lililounganishwa hapa anawapa mafundi hao kazi, na anapata waranti, vipuri halisi na karakana inayojulikana ilipo. Hivyo vyote vina gharama. Kampuni nazo huagiza kwa fedha za kigeni miezi kadhaa kabla ya mteja kuingia mlangoni, na gari likikaa uwanjani linaendelea kula riba.

Kijana wa mauzo mwenyewe hana mamlaka makubwa. Kwa kawaida ana nafasi ndogo ya kupunguza, zaidi ya hapo lazima apande kwa meneja wake. Kamisheni yake hutegemea idadi anayouza, na ndiyo maana siku za mwisho wa mwezi huwa mlegevu kuliko tarehe 5. Mnunuzi aliye tayari kwelikweli, mwenye barua ya benki mkononi, akifika tarehe 28 na kuomba meneja aitwe, hapotezi muda wa mtu.

> "Bei ilipopanda, mnunuzi aliambiwa ni dola. Dola iliposhuka, ni nani aliyemwita?"

Ila hoja ya kuagiza kwa dola nayo ina pande mbili. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifika karibu Sh160, na wanunuzi wakaambiwa bei imepanda kwa sababu hiyo. Walielewa, wakalipa. Kufikia katikati ya mwaka huo huo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Mnunuzi ana haki ya kuuliza, kwa heshima na bila kuona haya, gari hili liliagizwa dola ikiwa ngapi. Jibu linaweza kuwa la kuridhisha. Lakini swali lazima liulizwe, kwa sababu hakuna atakayemjibu mtu ambaye hakuuliza.

Laki saba zilizojificha kwenye mkopo

Turudi kwenye karatasi ya mkulima wetu, maana humu ndimo pesa zinamopotelea.

Aliambiwa riba ni asilimia 14. Hakudanganywa. Lakini kuna asilimia 14 za aina mbili, na hakuna aliyemweleza tofauti.

Kuna wakopeshaji wanaohesabu riba juu ya deni lote la mwanzo kwa miaka yote, hata baada ya mkopaji kulipa nusu. Kwa Sh3 milioni, asilimia 14 ni Sh420,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni Sh1,680,000. Jumla ya kulipa ni Sh4,680,000, ukigawa kwa miezi 48 unapata zile Sh97,500.

Wengine huhesabu riba juu ya salio lililobaki. Kila mwezi deni linapungua, na riba inapungua nalo. Mkopo huo huo wa Sh3 milioni, miezi 48, asilimia 14, hulipwa takriban Sh82,000 kwa mwezi. Riba yote kwa jumla ni kama Sh935,000.

Tofauti ni takriban Sh745,000. Mkulima alishinda Sh50,000 kwenye bei, akapoteza karibu mara kumi na tano yake kwenye mkopo, na zote mbili ziliandikwa kwenye ukurasa mmoja. Ukiigeuza ile riba ya kwanza iwe ya salio linalopungua, si asilimia 14 tena. Inakaribia asilimia 24 kwa mwaka.

Kuna mtego mwingine ulio mpole zaidi. Mteja akisema Sh82,000 ni nyingi, huambiwa: basi tufanye miaka mitano. Malipo hushuka hadi karibu Sh70,000 kwa mwezi, na mteja hupumua. Lakini mwaka huo mmoja wa nyongeza humwongezea riba ya takriban Sh253,000. Hiyo ni pesa ya matairi ya miaka kadhaa.

Ndiyo maana mpangilio wa mazungumzo una uzito kuliko ukali wa maneno. Kwanza bei ya gari, ifungwe kwa maandishi, pamoja na kodi, usajili na nambari. Kisha gari la zamani, kama lipo. Mkopo uzungumzwe mwisho, na ikiwezekana uzungumzwe kwingine kabisa. Mtu akiingia dukani akiwa tayari amekubaliwa na benki au Sacco yake, swali la "kwa mwezi ngapi" halina pa kushika. Anaweza kujibu kwamba hilo amelimaliza, sasa anataka bei ya gari.

Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Benki nazo zina la kujibu. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha, na Agosti 2025 ikawa asilimia 9.5. Riba za benki kwa wakopaji zimekuwa zikishuka kwa mwendo wa kinyonga. Anayekopa leo asikubali kupewa riba ya zamani eti ndiyo iliyoko kwenye mfumo.

Na kinachowekwa rehani hapa ni zaidi ya gari. Gari la mkopo husajiliwa kwa majina mawili, la mkopeshaji na la mnunuzi. Viazi vikishuka bei misimu miwili mfululizo, dalali huja na barua. Familia nyingi, ili kulinda pikapu, huuza ng'ombe kwanza, kisha kipande cha shamba. Hesabu ya Sh745,000 ni hesabu ya kipande hicho.

Meza moja, kodi mbili

Jambo jingine ambalo halitajwi sana ni kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16.

Pikapu ya Sh4,640,000 ina Sh4,000,000 za gari na Sh640,000 za kodi hiyo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyesajiliwa kwa VAT, akinunua pikapu ya kubebea mizigo ya biashara yake, anaweza kudai Sh640,000 zote kutoka kwenye kodi anayopaswa kulipa Mamlaka ya Ushuru. Sheria inamzuia kudai kwa gari la abiria, lakini pikapu ya mizigo ni chombo cha kazi. Sharti ni awe na ankara halali ya kodi yenye jina la biashara yake, na adai ndani ya miezi sita. Ankara ikiandikwa kwa jina lake binafsi ili mambo yaende haraka, anajitafutia shida bure.

Mkulima wa viazi, aliyeketi kiti cha pili dukani humo, hawezi. Mazao ya shamba yasiyosindikwa hayatozwi VAT, na kwa kuwa yeye hakusanyi kodi hiyo, hana pa kuikata ile aliyolipa. Sheria iliyoandikwa kumsaidia mlaji wa viazi humwacha mlimaji akilipa bei kamili ya gari linalovibeba.

> Pikapu moja, bei moja: mwenye duka anarudishiwa Sh640,000, mkulima hapati hata shilingi.

Sioni kwa nini jambo hili halizungumzwi kwenye vikao vya maoni ya bajeti kila mwaka. Serikali imeona sababu ya kuwapa unafuu wanaounganisha magari. Mkulima anayeyanunua pia ana hoja.

Vile vitu "vya bure"

Bima ya mwaka wa kwanza, kifaa cha kufuatilia gari, kifuniko cha nyuma, sevisi mbili tatu. Vyote hivi huja vikiitwa zawadi, na baadhi ni zawadi kweli. Dawa ni swali moja: nikivikataa vyote, bei inakuwa ngapi? Kama haibadiliki, vichukue. Kama inashuka kwa Sh150,000, basi havikuwa zawadi, na fundi wa kuchomelea wa Gikomba anaweza kukutengenezea vile vyuma vya kukinga taa kwa bei mtakayoelewana.

Sevisi za bure zifafanuliwe. Ni oili na vichujio, au ni malipo ya fundi tu huku vipuri ukinunua? Na zinafanyiwa wapi? Mtu wa Lodwar akipewa sevisi za bure Nairobi hajapewa kitu.

Bima nayo ina neno linalowaumiza wengi baadaye. Kuna bima ya kubeba mizigo yako mwenyewe, na kuna ya kubeba ya watu kwa malipo. Ya kwanza ni nafuu, na ndiyo huandikwa upesi ili jumla ionekane ndogo. Mkulima anayebeba viazi vyake Jumatatu na vya jirani kwa malipo Jumatano anahitaji ya pili. Ajali ikitokea Jumatano, kampuni ya bima itauliza mzigo ulikuwa wa nani.

Halafu tazama mwaka. Kila Januari madukani huwa na pikapu mpya kabisa, hazijatembea, ambazo ziliundwa mwaka uliopita. Ni nzuri. Lakini logbuku itaandika mwaka wa kuundwa, na siku ya kuiuza, mnunuzi wako ataihesabu kuwa na mwaka mmoja zaidi ya uliyoitumia. Upungufu huo wa thamani ni wako tangu siku ya kwanza, kwa hiyo punguzo lake linapaswa kuwa lako pia. Hapa muuzaji hulegea kuliko mahali pengine popote, kwa sababu gari hilo linamzeekea mikononi. Wengi hawaulizi, wanatazama rangi.

Anayenunua 30 na anayenunua moja

Mnunuzi mdogo hajui kwamba bei iliyobandikwa kiooni ni yake peke yake. Serikali, kaunti 47, mashirika ya misaada na kampuni za majani chai hazinunui kwa bei hiyo. Huitisha zabuni, hulinganisha, na huagiza kwa makumi. Tangu 2013 serikali kuu hata hukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua, na matengenezo huwa sehemu ya mkataba. Afisa ununuzi anayeagiza pikapu 30 hapokelewi kwa chai na swali la malipo ya mwezi. Huletewa bei ya maandishi, orodha ya vipuri, na ahadi ya muda wa kufikisha magari.

Mkulima mwenye shilingi zake za miaka sita anastahili karatasi hiyo hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa anayonunua, na tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kuomba jumla yote ya mkopo iandikwe, kwa shilingi na si kwa asilimia, si ukorofi. Mkopeshaji anayesita kuiandika amekwisha kukujibu.

Lakini haki ya mtu mmoja mmoja haileti punguzo la zabuni. Idadi ndiyo inayolileta, na idadi tunayo. Sacco ya wafugaji wa maziwa, chama cha wakulima wa viazi, kikundi cha wenye maduka wa mji mmoja: katika kila kimojawapo, kwa mwaka mmoja, hakukosi watu watano au wanane wanaonunua pikapu, kila mmoja kivyake, kila mmoja akijisifu kwa punguzo lake la Sh50,000. Wakijumlisha mahitaji yao kwenye barua moja, wanakuwa mteja ambaye meneja wa tawi hawezi kumwachia kijana wa mauzo.

Barua hiyo haihitaji wakili. Itaje aina ya pikapu na idadi. Iombe bei ya kila moja pamoja na VAT na usajili, mwaka wa kuundwa, sevisi zifanyiwe mji wa karibu na si Nairobi, na bei isiyobadilika kwa siku 60 ili Sacco ipitishe mikopo. Iseme wazi kwamba mkopo haumo. Ipelekwe kwa kampuni tatu siku moja, na kila moja ijue kuna nyingine mbili. Na ipelekwe Machi au Aprili, kwa sababu bajeti husomwa Juni, kodi mpya nyingi huanza Julai 1, na kuanzia Mei wauzaji huwa na sababu nzuri ya kukataa kufunga bei.